Mtoto Aliyeshiba Kreyoni

Mke wangu alitaka shule iliyo karibu. Mimi nilitaka shule yenye tai. Sioni aibu kulisema: tangu binti yetu aanze kutembea nilikuwa nikimwona, kwa macho ya moyo, akitoka asubuhi na tai ndogo ya mistari shingoni, soksi zimefika magotini, na majirani wa Mji wa Kale wamegeuka kumtazama. Mke wangu akasema joto la Mombasa halijui tai, na mtoto wa miaka mitatu unusu ukimfunga kitu shingoni atakitafuna. Tukagombana kidogo, na mwishowe, kama ilivyo kawaida ya nyumba yetu, tukakubaliana kwenda kutazama shule yangu kwanza ili nipate kunyamaza.

Shule yangu ilikuwa mtaa wa Tudor. Lango lake lilichorwa wanyama wa porini, wengine hata nisiwatambue. Siku hizi mtoto hapokelewi nasari mpaka asailiwe. Mimi bandarini, ambako ni karani wa makontena, sikuulizwa maswali mengi namna ile. Sisi wazazi tuliketishwa nyuma ya darasa kwenye viti vya watoto, magoti yamekaribia kidevu. Binti yetu akasimamishwa mbele ya meza. Mwalimu, mama mmoja nadhifu mwenye tabasamu, akamsogezea kopo la kreyoni.

"Chukua unayoipenda, mamangu."

Binti yangu akaweka mikono nyuma, akainamisha macho, na kwa sauti ya mtu mzima aliyealikwa karamu akasema, "Ahsante, mwalimu. Nimeshiba."

Mwalimu akacheka, akaondoa kreyoni, akaleta vibao vya kujengea. Binti yangu akasema, "Starehe, mwalimu, usijisumbue." Vibao vikaondolewa, akaletwa mwanasesere mwenye nywele ndefu. Nilimwona mtoto akimtupia mwanasesere jicho la pembeni, jicho la mapenzi kabisa. Kisha akasema anashukuru, ametosheka.

Mwalimu akaandika kitu. Baadaye alituambia kwamba mtoto ni mzuri, mpole, ila hajakuwa tayari. Hana hamu ya vitu. Tena inaelekea hatofautishi baina ya rangi na chakula. Turudi mwakani.

Ndani ya tuktuk ya kurudi nyumbani, mtoto huyo asiye tayari alimsimulia dereva habari za paka aliyezalia ndani ya kapu, akamtajia rangi ya kila kitoto, kisha akamuuliza kama ameoa. Nilikaa nyuma nikitoa moshi masikioni.

Sasa yanipasa nieleze habari za Bibi. Mimi na mke wangu ni watu wa bara. Kazi ndiyo iliyotuleta Mombasa, mimi bandarini na yeye maabara ya hospitali, na tulipopanga ghorofa ya juu ya nyumba ya Bibi hatukujua kwamba tunampatia mtoto nyanya wa pili. Bibi ni mjane mwenye nyumba, anaishi chini, na tangu mke wangu arudi kazini ndiye anayeshinda na binti yetu. Hakuna aliyemwomba. Alipanda ngazi siku moja, akamtwaa mtoto, akasema, "Huyu ntakuwa naye mimi," na mambo yakaishia hapo. Matokeo yake ni kwamba binti yetu anasema Kimvita kizuri kuliko Kiswahili chetu chote tulichokitoa shuleni. Kwake yeye macho ni mato, njaa ni ndaa, na mimi baba yake nikimwita "njoo" hunitazama kwa huruma kabla ya kuja.

Basi jioni ile nikashuka kwa Bibi na malalamiko yangu.

"Bibi, Tudor wamemkataa. Labda hakuonyesha adabu ya kutosha. Hebu mtilie mkazo."

Bibi akashika kidevu. "Wamkatae huyu? Hasha! Adabu ndiyo kazi yangu. Niachia mimi."

Shule ya pili ilikuwa chaguo la mke wangu, upande wa Buxton, nyumba nyeupe yenye bembea na bustani ndogo. Kwa kweli ilikuwa nzuri, ingawa haikuwa na tai. Binti yetu aliingia akamwamkia mwalimu mkuu, akamwamkia mfagizi, akawauliza hali za watu wa nyumbani kwao. Nikajisemea moyoni, leo tumepata. Halafu wakampa kiti. Akasema ahsante, amesimama vyema. Wakampa juisi na biskuti, naye biskuti anazipenda kama nini. Mikono ikaenda nyuma. "Nimeshiba, ahsanteni." Wakampa mpira, wakampa kitabu cha picha, wakampa udongo wa kufinyanga. Kila alichokikataa kiliondolewa haraka, kikaja kingine, nacho akakikataa.

Mwalimu mkuu alituita kando. Hakuwa mtu mbaya; laiti angekuwa mbaya ningejua la kumjibu.

"Mama, baba, msinielewe vibaya," akasema. "Mtoto anayepewa kitu asikipokee, tena kila kitu, hilo ni jambo la kutazamwa. Ningekuwa ninyi ningempeleka kwa daktari wa watoto. Mapema ni bora."

Niliogopa. Sijui kulisema vingine. Sikuwa tena na habari ya tai wala ya shule. Nilikuwa nauliza jambo moja tu, kama mtoto wangu ana kasoro ambayo mimi, kwa ujinga wangu, nimekuwa nikiiita upole.

Mke wangu kutwa kazi yake ni kupima damu za watu, na magonjwa anayajua kwa majina. Alianza kumtazama mtoto akila, akivaa viatu, akipanga vifuniko vya chupa. Alifanya miadi kwa daktari bila kunishauri. Nilipojua, nikapandisha sauti: mtoto hana kitu! Nilipandisha sauti kwa sababu sikuwa na hakika. Yeye alijua hilo, wala hakubishana nami.

Jumapili tukampeleka mtoto ufukweni, bustani ya Mama Ngina, apunge upepo. Pale alikimbia na watoto asiowajua, akapiga kelele, akaamua nani awe mwizi na nani polisi, nasi tukaanza kupumua. Tulipoketi, mama mmoja wa mkeka wa jirani akamnyooshea karatasi ya kachri, vile vipande vya muhogo vya kukaanga, moto bado, zimenyunyizwa pilipili na ndimu.

"Ahsante, nimeshiba," binti yangu akasema.

"Haya basi," mama yule akasema, akageukia wanawe.

Mke wangu akaniangalia. "Umeona?"

"Ameshiba," nikasema.

"Hajatia kitu kinywani tangu adhuhuri."

Tukarudi nyumbani. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na dawa nyingine, nikapita tena kwa Bibi nikamwomba aongeze adabu. Bibi akashangaa, lakini akasema ataongeza.

Miadi ya daktari ilikuwa Ijumaa. Alhamisi nilitoka kazini mapema, kichwa kinaniuma kwa mawazo. Nilipofika nyumbani nikasikia sauti za wanawake kwa Bibi; alikuwa na mgeni. Nyumba zile mwanamume hajipenyezi ovyo wakiwapo wageni wa kike, na hilo nilikwisha kufunzwa kwa maneno makali. Nikasimama kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, nikapiga hodi ya chini chini ambayo haikusikiwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Binti yangu alikaa juu ya busati, miguu ameikunja, na mgeni, bibi mnene mwenye pete, alikuwa akimsogezea sahani ya kaimati zinazong'aa kwa shira.

"Haya kula, mamangu."

"Ahsante, nimeshiba."

"Moja tu."

"Starehe, wallahi."

Sisi ni Wakristo, tena wa kanisa lisilopenda viapo, lakini nilinyamaza nione mwisho.

"Ah, utanivunja moyo," mgeni akasema. "Nimezipika kwa ajili yako."

Binti yangu akashusha pumzi, kama mtu aliyeshindwa kwa hoja. "Haya," akasema, "kwa kuwa washikilia sana." Akatwaa mbili, moja kila mkono. Bibi akatikisa kichwa polepole kwa fahari.

Kreyoni, vibao, mwanasesere, biskuti, kachri za Mama Ngina, vyote vilinipita mbele ya macho. Mtoto alikuwa akivitaka vyote! Alikuwa akingoja kukaribishwa mara ya pili na ya tatu, kama alivyofunzwa, na hakuna aliyemkaribisha tena. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliyekuwa nikigombana na walimu wa kisiwa kizima, tatizo langu lilikuwa hapa chini ya ngazi, linakula kaimati.

Niliingia bila hodi. Mgeni akavuta mtandio kwa haraka.

"Bibi! Umemfunza mtoto kukataa?"

"Nimemfunza adabu," Bibi akasema, hakushtuka hata kidogo, "uliyoniomba mwenyewe. Si juzi tu umekuja hapo ulipo, waniambia Bibi ongeza, Bibi ongeza?"

"Lakini shuleni anakataa kila kitu! Walimu wanasema ana kasoro!"

Upepeo aliokuwa akijipepea nao ukasimama mkononi. "Kasoro? Nani kasema mwanangu ana kasoro? Nipa buibui langu."

"Bibi, tafadhali, kaa."

"Sikai. Hebu niambia, hao walimu walimkaribisha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja!" Akamgeukia mgeni wake. "Wasikia haya? Mara moja! Hiyo yaitwa karibu? Huko ni kumfukuza mtu kwa upole." Kisha akanirudia mimi. "Na kwenu huko bara, mtoto yuwafunzwaje?"

Nikamweleza kwamba kwetu mtoto akipewa kitu hukipokea kwa mikono miwili na kushukuru, na kwamba kukataa chakula cha mtu ni kumtukana.

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

Bibi akanitazama toka utosini hadi viatuni. "Alaa," akasema. "Ndiyo maana wewe nikikupa mahamri waitika kabla sijamaliza kusema. Na mimi miaka yote hii nasema, maskini, mkewe yuko kazini kutwa, nyumbani hakupikwi, mwanamume wa watu ana ndaa. Ndipo nikawa nakuletea na samaki."

Mimi nilikuwa nikidhani ananipendea tabia yangu njema. Mgeni alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Nami nikaanza kucheka, nikacheka mpaka nikakaa chini karibu na binti yangu, machozi yananitoka. Sikucheka kwa ajili ya mahamri tu. Nilicheka kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Buxton niliweza kuamini kwamba mtoto wangu ni mzima.

Mke wangu hakucheka. Aliposikia habari ile jioni aliipima, kama anavyopima kila kitu. "Yawezekana," akasema. "Lakini hadithi ya kaimati si jibu. Nitaamini siku nitakayoona mwalimu akimpa kitu, naye akapokea." Miadi ya daktari akaisogeza mbele, hakuifuta. Nikajua kwamba hofu yake bado iko palepale.

Bibi alijitolea kuurekebisha mwenendo. Alisema, kwa uso wa mtu anayeombwa auze mkufu wa arusi yake, kwamba kama ndivyo dunia ilivyo atamwambia mtoto shuleni apokee mara ya kwanza. Nilikuwa karibu kukubali, ndipo mke wangu akamkatiza.

"Hapana, Bibi. Asifunzwe upya. Ana adabu kuliko mimi na babake. Tutafute anayejua kukaribisha."

Kuanzia hapo tulibadilika. Hatukwenda tena shuleni kusailiwa, tulikwenda kusaili. Tulikaa kwenye vile viti vidogo tukimtazama mwalimu, si mtoto, na tuliapa kutomdokezea neno. Kuna shule moja ilikuwa na tai, tena ya mistari, sawasawa na ile ya ndoto zangu. Mwalimu wake alimpa binti yangu kitabu, binti akashukuru na kukataa, mwalimu akakirudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo. Niliinuka mwenyewe nikatoka, sikusubiri kuambiwa. Mke wangu alinishika mkono mpaka barabarani, akanipa pole ya tai.

Ya mwisho tuliipata Mji wa Kale humuhumu, mwendo mfupi kutoka kwa Bibi, katika nyumba ya zamani yenye ua katikati. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango wake mara nyingi nikidhani ni ghala. Haikuwa na wanyama langoni. Ilikuwa na kelele, mikeka, na mwalimu kijana mwenye lafudhi ya Kitaita, ambaye hata hakuwa na nafasi ya kutukalisha. Alimsogezea binti yangu karatasi na kreyoni, huku mkono mwingine unamfunga mtoto fulani kamba za viatu.

"Karibu uchore."

"Ahsante, mwalimu. Nimeshiba."

Nilifungua kinywa. Mke wangu akanifinya paja.

Mwalimu hakucheka, wala hakuandika popote. "Haya," akasema, akaviacha pale pale vilipo. Akamaliza kamba za viatu, akaketi mkekani, akatwaa kreyoni moja akaanza kuchora yeye mwenyewe. Alichora mbuzi mbaya sana. Baada ya muda, bila kuinua uso, akasema, "Karibu, mwenzangu."

"Starehe."

Mwalimu akaendelea na mbuzi wake. Mke wangu alikuwa amenishika vidole, anavibana mpaka vinauma. Mtoto alisogeza mguu mmoja mkekani. Halafu mwingine.

"Mbuzi wangu hana miguu," mwalimu akasema. "Sijui ataendaje sokoni. Karibu unisaidie."

"Haya," binti yangu akasema. "Ntamtilia mimi." Akaketi, akatwaa kreyoni ya kijani, akamtilia mbuzi miguu mitano. Alipoulizwa wa tano ni wa nini, akajibu kwamba ni wa akiba, ukivunjika mmoja asikae ndiani. Kutoka hapo akaanza kumsimulia mwalimu habari za paka na kapu, na sijui ilivyokuwa, mpaka darasa zima lilikuwa limemzunguka.

Nilipomgeukia mke wangu alikuwa ameziba kinywa kwa kiganja. "Amepokea," akasema. "Amepokea, umeona?" Nikamwambia nimeona. Alitoa simu palepale akafuta ile miadi.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza mwalimu alijuaje. Akanishangaa. "Kujua nini, baba?"

"Kwamba umkaribishe tena."

"Sikujua kitu," akasema, anapangusa pua ya mtoto asiyetuhusu. "Nina darasa zima la hawa. Nikimuuliza mtu mara moja tu, sitafika popote." Akaenda zake, maana nyuma yake mtu alikuwa ameketi juu ya kichwa cha mwenzake.

Bibi naye alikwenda kuikagua shule siku iliyofuata, amevaa buibui la kutokea. Alirudi akasema imemridhisha, kwa sababu mlinzi alimuuliza hali yake, na hali ya watoto wake, na ya nyumba, na hakuwa na haraka. Masomo hakuyauliza. Januari binti yetu akaanza.

Muhula ulipokuwa umekolea, nikiwa bandarini baina ya makontena, simu ikalia. Ilitoka shuleni. "Baba, tunaomba ufike, ikiwezekana leo. Ni kuhusu mtoto."

Sikuuliza zaidi. Nilipanda pikipiki, na njia nzima ile hofu ya Buxton ilikuwa imenirudia yote, haijapungua hata chembe. Nikajiambia tulifurahi mapema mno, kwamba mbuzi mmoja si ushahidi, kwamba yule mwalimu mkuu aliona kitu ambacho sisi hatukutaka kukiona. Nilimkuta mwalimu ananingoja uani, uso umekunjamana.

"Baba, sipendi kumwita mzazi kazini," akasema. "Lakini binti yako ananishinda."

"Sema tu, mwalimu."

"Anaongea. Anaongea tangu anapofika mpaka anapochukuliwa, hapumziki. Wenzake wote sasa wanamwiga. Nimemhamisha mahali mara kadhaa. Leo nimemweka peke yake karibu na ukuta, akaanza kuusimulia ukuta. Ukimpa kreyoni anataka kopo zima. Naomba sana mzungumze naye nyumbani."

Nilitoa simu mfukoni, nikampigia mke wangu maabara, na alipoitika nikampa mwalimu ile simu.

"Mwambie na mama yake," nikasema. "Hayo hayo, mwalimu, tafadhali. Usipunguze neno."

Mwalimu akanitazama kidogo, kisha akaanza upya kumshtaki binti yangu, na mimi nikasimama katikati ya ua wa nasari, mtu mzima na kofia ya bandari kichwani, nikilia.